Muulize Bibi wa Shangani: Kanisa lenye bendera mlangoni

Barua nyingi za mwezi huu ni za mipaka ya mashamba na bei ya korosho, na hizo ningezijibu huku nachambua dagaa. Lakini imo moja kutoka Masasi ambayo mhariri aliikalia wiki mbili kabla ya kunipa. "Bibi," akasema, "hii ukitaka, iruke." Sikuiruka. Nimeifupisha, na nimeondoa kila ambacho jirani angekitumia kumtambua mwenyewe.

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mjane, nina genge la nyanya na dagaa, na watoto wanne. Wa pili yuko Marekani mwaka wa sita sasa. Alikwenda kusoma, akapata kazi, na hajanisahau hata mwezi mmoja. Juzi alinitumia picha akiwa kanisani anaimba kwaya, amevaa shati la kitenge nililomshonea. Nilifurahi sana. Mdogo wake akaikuza picha kwenye simu akaniambia, mama, tazama mlangoni. Kuna bendera ya rangi za upinde wa mvua. Nilipompigia kumuuliza akasema ndiyo mama, sisi tunapokea watu wote, hata mashoga, na wazee wawili wanaume waliooana ndio walionipa chumba nilipofika sina pa kulala. Kanisa lenyewe linaitwa la Waunitariani Wauniversalisti, hata kulitamka siwezi. Simu ilikuwa kwenye spika na kaka yangu alikuwepo. Sasa anasema mtoto ametupotea, asirudi, na pesa yake nisipokee. Bibi, hilo ni kanisa kweli? Wanafanya nini humo ndani? Na kuna swali jingine siwezi kuliandika, nadhani unalijua.

Mama mwenye mawazo, Masasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Lile usiloliandika nimelisoma. Lingoje kidogo, kwa sababu la "wanafanya nini humo ndani" naweza kulijibu bila kubahatisha. Nimesali humo miezi mitano.

Mwaka 2017 binti yangu, nesi kama nilivyokuwa mimi, alijifungua mtoto wa kwanza katika mji mdogo karibu na Boston, nami nikapanda ndege kwenda kumkanda. Jumapili yeye na mumewe walikuwa wakipokezana zamu za kazi, kanisa la Anglikana lilikuwa mbali, na mimi hata baiskeli siijui. Jirani, mama mzungu wa rika langu, akanigongea: twende kwetu. Nikaenda kwa adabu ya mgeni. Mlangoni nikaiona bendera hiyo hiyo ya mwanao. Maana yake nilishaelezwa na binti yangu. Nikaingia nimeikumbatia pochi kama mtu anayepita stendi usiku.

Nilitegemea kuona vituko gani, sijui. Nilikuta watu kama themanini, wengi wenye mvi, mabenchi yanayoumiza mgongo kuliko ya kwetu, kinanda, na tangazo refu kuhusu paa linalovuja. Mwanangu, lile paa! Miezi mitano yote halikutoka kwenye matangazo. Nilikaa nyuma katika mkutano wao mmoja, wakabishana saa mbili kama wazibe au waezue lote. Hawana askofu wa kuwaamulia. Mchungaji wanamchagua kwa kura, bajeti kwa kura, na nadhani hata mapazia kwa kura. Mimi niliyelelewa chini ya askofu nilichoka kabla yao.

Ibada yao inaanza kwa kuwasha moto ndani ya kikombe chenye mguu, kama kile cha Misa. Alama hiyo ilichorwa mwaka 1941 kwa ajili ya kamati ya Waunitariani iliyokuwa inawasaidia watu wanaokimbia vita Ulaya, na mchoraji naye alikuwa mkimbizi. Halafu nyimbo, mahubiri, na sehemu niliyoipenda kupita zote: yeyote anayetaka anakwenda mbele, anawasha mshumaa, anasema furaha yake au huzuni yake. Mmoja mjukuu kafaulu. Mwingine vipimo vimerudi vibaya. Mama mmoja akasema paka wake kafa, nikajiuma mdomo nisicheke, kisha nikaona watu watatu wanalia naye, nikajionea aibu.

Septemba wakafanya ibada ya maji, desturi iliyoanzia kwa wanawake wao mwaka 1980. Kila mtu anakuja na maji kidogo ya kule alikokuwa likizo, anayamimina kwenye bakuli moja kubwa na kusema ni ya wapi. Mimi sikuwa na maji ya kwetu. Jirani akaniambia chota ya bomba, utaje tu unakotoka. Basi nikamimina maji ya bomba ya Marekani nikasema, "Haya ni ya Ruvuma." Wakaitikia kwa heshima zote. Moyoni nikawaza, mtu wa Masasi akinikuta hapa mbele ya bakuli lenye maji ya watu themanini, atasema Bibi kaenda kwa mganga.

Sasa wazee wawili. Si wale wa mwanao, hao ni wa kwetu pale. Mmoja alikuwa fundi seremala, mwingine dereva wa basi la shule, wote wamestaafu. Walikuwa pamoja tangu binti yangu hajazaliwa, wakafunga ndoa mwaka 2004 baada ya Massachusetts kuwa jimbo la kwanza Marekani kuruhusu. Siku ya kwanza kabisa ilikuwa tarehe 17 Mei, na siku hiyo hiyo wanawake wawili waliokuwa miongoni mwa walioipeleka kesi ya kudai ruhusa hiyo mahakamani, Hillary na Julie Goodridge, walifungishwa ndoa katika makao makuu ya kanisa hilo mjini Boston. Aliyewafungisha ni William Sinkford, rais wa umoja wao, Mmarekani Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Haya nilisimuliwa na yule seremala akiwa na mikono ndani ya povu, maana kazi ya wale wawili kanisani ilikuwa kuosha vyombo. Baada ya ibada watu wanakunywa kahawa na biskuti ukumbini, na wao wako kwenye sinki, mmoja anasugua, mwingine anafuta, wanagombana kuhusu maji ya moto. Ugomvi huo naujua. Niligombana hivyo hivyo na marehemu mume wangu miaka ishirini na tisa.

Oktoba yule dereva akapasuliwa nyonga. Jumapili iliyofuata ikapita karatasi: Jumatatu nani atawapelekea chakula, Jumanne nani. Nikajiandika Alhamisi. Nikapika wali kwa nazi ya kopo na mbaazi za kopo, Mungu anisamehe, nikapeleka kwa bakuli la binti yangu. Wiki moja baadaye bakuli likarudi limejaa matofaa. Nani alimwambia mzungu yule kwamba bakuli la jirani halirudi tupu? Nilikaa jikoni nikalitazama muda mrefu. Nilikuwa nimekwenda kwao nikiwaonea huruma, au tuseme nikiwaogopa, na hapo nikajua nimepokewa na watu wanaojua kuishi na jirani.

Usidhani lakini waliamka asubuhi moja wakakumbatiana. Waunitariani na Wauniversalisti yalikuwa madhehebu mawili, yakaungana mwaka 1961. Mwaka 1970 mkutano mkuu wao ukapitisha azimio la kupinga ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 1984 ukaunga mkono ibada za kuwaunganisha. Mwaka 1989 ukaanzisha mafunzo ambayo usharika unayapitia kwanza, kikao baada ya kikao, ndipo wajiite usharika unaokaribisha. Pale kwa jirani yangu, mambo yalipofika kwenye kura, wengine walihama. Mama mmoja alipiga kura ya hapana na akabaki. Nilimkuta. Ndiye aliyekuwa akichemsha kahawa, na vikombe vyake vikioshwa na wale wawili. Sikumuuliza anawaza nini siku hizi. Kiingereza changu kinatosha kununua vitunguu, hakitoshi kuuliza hilo.

Je, ni kanisa kweli? Hapa nitakukwaza kidogo. Bendera haikunisumbua muda mrefu. Kilichonisumbua ni Kanuni ya Imani: hawana. Unaweza kukaa pale ukiamini Yesu ni Mwana wa Mungu, na wa kulia kwako anaona alikuwa mwalimu mwema tu, wa kushoto anafuata mambo ya Buddha, na wa mbele hana hakika kama Mungu yupo. Wote ni washarika halali. Miezi mitano sikupata Ekaristi. Niliporudi Mtwara, Jumapili ya kwanza nilipiga magoti machozi yakanitoka mbele ya watu. Kwa hiyo ukitaka kuhangaikia roho ya mwanao, hangaikia hapo, muulize siku hizi anamwomba nani. Nani kakaa benchi la mbele na nani analala na nani, huo ni umbeya, na umbeya hata hapa kwetu haujamwokoa mtu.

Kaka yako atasema makanisa yetu yamekataa. Ni kweli. Mwaka 2003 Waanglikana wa Marekani walimweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu wa New Hampshire, na Desemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania wakatangaza kwamba ushirika wao na kanisa lile umeharibika. KKKT, yaani Walutheri wetu, nao mwaka 2010 walitoa tamko lao la Dodoma la kupinga ndoa za jinsia moja. Sibishani na maaskofu gazetini. Ila akikwambia hayo ni mawazo ya wazungu tu, mwambie hivi. Askofu aliyenipa kipaimara ni Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Johannesburg, na huko alikuwa na desturi ya kumtembelea hospitalini kijana mmoja wa Kiafrika mwenye kifua kikuu. Kijana yule ni Desmond Tutu. Na Tutu huyo, mwaka 2013, akiwa Cape Town, mzee wa miaka 81, alisema kama mbinguni wanachukia mashoga basi yeye haendi. Umkubali au umkatae, ni Mwafrika, na aliyekaa pembeni ya kitanda chake ndiye aliyeniwekea mkono kichwani pale Masasi.

Na hilo neno shoga, nasikia watu wanalitema kama makapi ya bibo. Mimi nina mashoga zangu watatu hapa Shangani. "Shoga, umeamkaje?" Tunaitana hivyo toka usichana na hatuachi leo.

Kuhusu kumkata mtoto. Mimi ni Mmakua, usinieleze nguvu ya mjomba, naijua. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo huo kaka yako hakuununua. Ameupata tumboni alimotoka, kama wewe, na mwanao kaupata kwako. Mjomba anamsema mpwa, anamlipia faini, anasimama kwenye posa yake. Kumfuta si kazi yake. Mwambie aje Mtwara tuzungumze, nusu ya nauli nitamrudishia, na chai ipo. Pesa pokea. Haikutoka kwenye bendera, imetoka kwenye zamu za usiku.

Sasa lile swali. Mwanangu, mimi sijui kama naye yumo, na picha ya kwaya haiwezi kukwambia. Kupewa chumba na wazee wale kulimfanya awe mpangaji, basi. Mimi nimekula nao, nimeosha nao vikombe, na nimerudi nilivyokwenda. Lakini inawezekana ndiyo. Na kama ndiyo, basi siku ile alikwambia nusu ya jambo ili asikie utasemaje, na aliyemjibu ni mjomba kupitia spika.

Mpigie tena. Zima spika, nenda kakae nyuma ya nyumba. Usimuulize. Mwambie lile shati limemkaa. Kisha muulize akiumwa nani anampelekea uji, na majina atakayoyataja yaandike pembeni, uwaombee kwa majina. Akitaka kusema zaidi atasema, hata kama ni mwakani. Na msimu huu ukipata korosho nzuri za kubanguliwa, mfungie kilo moja ya ziada kwa wale wazee wawili. Walimpa mwanao pa kulala wakati hana, na wewe hujawashukuru.

SWALI

Bibi, sisi ni Wakatoliki wa Ndanda, tunabishana kijiweni tangu Krismasi. Ni kweli Papa Fransisko aliruhusu mashoga wafunge ndoa?

Mbishi

JIBU

Hapana. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa waraka unaoitwa Fiducia supplicans. Unamruhusu padri kuwabariki watu wa namna hiyo wakimwomba, bila ibada rasmi na bila kitu chochote cha kufanana na harusi. Ndoa imebaki ya mume na mke. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia umoja wao wa SECAM, wakasema hata baraka hizo kwao haifai kuzitoa. Aliyesema "ndoa" ameshindwa, anunue soda.

SWALI

Shikamoo Bibi. Nina miaka 23, niko mkoa wa Lindi. Mimi ni mmoja wa wale wanaosemwa. Naimba kwaya na nafundisha watoto Jumapili. Mwezi uliopita mchungaji alihubiri juu ya watu kama mimi, na mimi nimesimama mbele nimeshika daftari la nyimbo, tukaimba baada ya mahubiri. Nilipoteza sauti, wakasema nina mafua. Bibi, niende nikamwambie mchungaji? Au nioe tu yaishe?

Asiye na jina

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Usioe. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nne, na wodini nimewashika mikono wake za hao wa "nioe yaishe". Hayaishi. Yanahamia kwa binti wa watu, ambaye anakaa miaka anajitazama kwenye kioo akitafuta kasoro yake.

Mchungaji pia usimwambie. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, kwa tendo lenyewe, na neno likishatoka ofisini kwa mchungaji linafika sokoni kabla yako. Najua watu wataandika kwamba Bibi anawafundisha vijana kuficha. Ndiyo, nafundisha kuficha. Niliwaficha pia mabinti waliokimbizwa na waume zao, na hakuna aliyeniandikia.

Juu hapo nimeeleza kanisa la Marekani lenye paa linalovuja. Lindi halipo, na sitakudanganya kwamba liko mahali ukitafuta vizuri. Waliopo ni mtu mmoja mmoja. Tafuta mmoja ambaye hujawahi kumsikia akimcheka mtu mwingine. Mpime kwanza kwa siri ndogo, ya deni au ya mtihani uliofeli, uone kama itakurudia kwa mdomo mwingine. Isiporudi mwaka mzima, ongeza kidogo. Nilikuwa nikisema miezi mitatu, nimebadili.

Kwaya endelea nayo kama unapenda kuimba. Wasichana wa sauti ya kwanza wanakutegemea, hilo hukuliandika ila nalijua, kwaya zote ziko hivyo. Siku ya mahubiri ya namna ile ukiona sauti inaondoka, fumbua na ufumbe mdomo tu, ubavuni kwako hawatajua. Mafua ni sababu nzuri, lakini si kila mwezi.

Barua yako ilikuja kwa jina langu, si la gazeti, kwa hiyo mhariri hakuifungua. Nimeinakili kwa mkono wangu bila kutaja wilaya, na ile yenyewe nimeitia jikoni chini ya chungu cha ming'oko. Ukiandika tena, nyuma ya bahasha paache patupu. Mwandiko wako nimeshaujua.